Kuchagua maktaba ya kiolesura kwa programu ya ramani: tazama uwanja wa ramani kwanza, vitufe baadaye

Anayetaka kuandika programu ya ramani mara nyingi huanza kwa kulinganisha vitufe na menyu: maktaba ipi ya kiolesura, yaani msimbo ulio tayari wa kuchorea madirisha na vitufe, inapendeza, ipi ina mafunzo mengi, ipi mwenzake anaijua. Kwa programu ya stoo au ya duka la dawa hilo linatosha. Kwa ramani halitoshi, kwa sababu vitufe ni sehemu ndogo ya dirisha. Sehemu kubwa ni uwanja wa ramani, pale mtumiaji anapoburuta, anapovuta karibu, anapobofya kiwanja na kusogeza kona ya mpaka. Maktaba zote zinazojulikana zinaweza kuchora kitufe. Tofauti zao huonekana uwanja wa ramani unapobebeshwa nyumba laki mbili na picha ya droni ya gigabaiti kadhaa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika programu ya kompyuta ya mezani au mpakato, mwenye uzoefu kiasi wa Python, C++ au Java. Shauri lake kubwa ni moja: kazi ya kuchora ramani ikae nje ya maktaba ya kiolesura. Maktaba ikabidhiwe picha iliyokwisha kuchorwa, iibandike, basi. Ukijenga hivyo, hata ukichagua vibaya unaweza kuhama bila kuandika programu nzima upya. GRASS GIS, programu huria ya kuchambua ramani, ni ushahidi mzuri. Zana zake za hesabu zimeandikwa zaidi kwa C, na kila moja ni programu ndogo inayojitegemea. Kiolesura kilipohama kutoka Tcl/Tk kwenda wxPython, zana zile hazikulazimika kuandikwa upya.

Je, unahitaji programu mpya kweli?

Jiulize hili kabla ya yote. Kama unachotaka ni fomu ya kujaza taarifa za viwanja, kitufe cha kutoa ripoti ya kata, au hatua tano za ukaguzi zifuatane kwa mpangilio, andika programu-jalizi ya QGIS, programu huria ya ramani, na uachane na habari ya maktaba. QGIS ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, imeandikwa kwa C++ juu ya maktaba ya kiolesura ya Qt, na programu-jalizi zake huandikwa kwa Python. Mifumo ya koodineti, matabaka, kunasa kona, kutendua na kuchapa utavikuta tayari. Kuvijenga mwenyewe ni kazi ya miaka.

Ukienda njia hiyo, zingatia jambo moja tangu mstari wa kwanza. QGIS 3, iliyotoka Februari 2018, ilijengwa juu ya Qt 5, na kizazi kinachofuata kinahamia Qt 6. Kwa hiyo ingiza madarasa kupitia qgis.PyQt, usiite PyQt5 moja kwa moja. Andika majina ya vigezo kwa urefu wake: Qt.AlignmentFlag.AlignLeft badala ya Qt.AlignLeft, na exec() badala ya exec_(). Namna fupi haikubaliki katika PyQt6, na programu-jalizi inayoitumia itagoma siku mtumiaji atakaposasisha.

Ipo njia ya katikati: dirisha lako mwenyewe lenye QgsMapCanvas, uwanja wa ramani wa QGIS, ndani yake, ukitumia maktaba za QGIS kama injini. QField ya simu imejengwa kwa wazo linalofanana, yaani injini ya QGIS chini na kiolesura kingine cha Qt juu. Gharama yake ni usakinishaji mzito na leseni ya GPL, ambayo tutaigusa mbele.

Programu mpya kabisa ina sababu pale mtumiaji anapohitaji vitufe vitatu tu na QGIS ikamchanganya, au mashine zilizopo ni dhaifu, au ramani ni kipande kimoja ndani ya mfumo mkubwa ulio tayari.

Uwanja wa ramani unadai nini

Hapa ndipo programu nyingi huharibika, na karibu kila mara chanzo ni kuchora ramani kwenye uzi (thread) mkuu, ule ule unaopokea mibofyo na kuchora dirisha. Skrini ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, hivyo una milisekunde 16.7 kwa kila mara. Kusoma faili la viwanja kutoka diski kunazidi muda huo papo hapo. Dirisha linaganda, mtumiaji anabofya tena na tena, na Windows inatangaza kuwa programu haijibu.

Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Uzi wa pembeni unasoma data, unabadilisha koodineti na kuchora kwenye picha iliyo ndani ya kumbukumbu. Kwa skrini ya pikseli 1920 × 1080, picha hiyo inachukua takriban megabaiti 8.3 tu, kwa hiyo usiibanie. Ikiwa tayari, uzi mkuu unaibandika dirishani. Mtumiaji anapoburuta, usichore chochote upya. Sogeza picha ile ile kwa pikseli alizoburuta na uache kingo tupu. Akitulia kwa kama milisekunde 150, anzisha kazi mpya ya kuchora na ufute iliyokuwa ikiendelea. Anapovuta karibu, tanua picha ya zamani mpaka mpya ifike. Itakuwa na ukungu kwa nusu sekunde, na hakuna atakayelalamika.

Usisahau kile kipengele cha kufuta kazi ya zamani. Bila hicho, kila msogeo unaongeza kazi kwenye foleni. Mtumiaji anasimama Kariakoo lakini programu bado inachora Mbagala, aliyoipita muda mrefu. Weka alama ya kusitisha ambayo kitanzi cha kuchora kinaikagua kila baada ya maumbo mia kadhaa.

Kila maktaba ina mlango wake wa kurudisha picha kwenye uzi mkuu, na ukiukwepa programu itaanguka bila mpangilio, leo mara moja, kesho mara tatu. Katika Qt unaruhusiwa kuchora kwenye QImage kutoka uzi wa pembeni, lakini si kwenye QPixmap. Ikabidhi QImage kwa ishara. Katika wxPython tumia wx.CallAfter, na wx.Bitmap itengenezwe kwenye uzi mkuu kutokana na baiti ulizoandaa pembeni. GTK ina GLib.idle_add. Swing ya Java ina SwingUtilities.invokeLater, na unachora kwenye BufferedImage.

Wanaotumia Python waelewe jambo la ziada: kitanzi cha Python kinachopitia nyumba moja moja kinashikilia kufuli la mkalimani, linaloruhusu uzi mmoja tu kwa wakati, hivyo kukihamishia uzi wa pembeni hakusaidii na dirisha litaendelea kukwama. Kazi nzito ifanywe ndani ya maktaba zilizoandikwa kwa C, au ihamishiwe kwenye mchakato mwingine kabisa.

Mtego wa pili ni kuifanya kila nyumba kuwa kitu kinachojitegemea ndani ya kiolesura. QGraphicsScene ya Qt inashawishi sana kwa hili, maana unapata kubofya na kuburuta bure. Inafaa kwa mamia ya maumbo. Kwa laki moja, kumbukumbu inavimba na kila msogeo unakuwa mzito. QgsMapCanvas yenyewe imerithi QGraphicsView, lakini tazama inavyoitumia: ramani yote ni kitu kimoja, picha, na juu yake vinakaa vitu vichache tu kama mistari ya muda ya kupimia na alama za kona inayosogezwa. Iga mpangilio huo katika maktaba yoyote utakayochagua.

Sasa usahihi wa koodineti, jambo ambalo wauzaji wa kadi za grafiki hawatakuambia. Dar es Salaam, katika UTM (mfumo wa koodineti za mita) kanda ya 37 Kusini, koodineti ya kaskazini ni kama 9,248,000. Namba ya desimali ya biti 32, ambayo ndiyo OpenGL hupokea kwa kawaida, ikishapita 8,388,608 haiwezi tena kutofautisha chini ya mita moja. Ukituma koodineti mbichi kwenye kadi ya grafiki, kona za viwanja zitarukia kwenye mita kamili na mistari itatetemeka unapoburuta. Ukitumia Mercator ya wavuti, mfumo wa ramani nyingi za mtandaoni, hali ni nafuu lakini haijapona: koodineti ya mashariki ya Dar ni kama 4,372,000, na hapo hatua ni nusu mita. Dawa ni kutoa katikati ya skrini kutoka kila koodineti kwa namba za biti 64, kisha ndipo utume tofauti ndogo iliyobaki.

Maktaba zisizotumia kadi ya grafiki nazo zina vikomo vyake. wxDC inapokea namba nzima tu, hivyo mistari inakuwa na ngazi, tumia wxGraphicsContext. drawLine ya Swing ni hivyo hivyo, tumia Path2D.Double na uwashe ulainishaji wa kingo. Cairo, inayotumiwa sana na GTK, inapokea desimali lakini ndani inazigeuza kuwa namba zenye kikomo cha pikseli 8,388,608 kila upande, na mstari mrefu wa pwani ukivutwa karibu sana unaweza kuruka na kukatiza skrini nzima. Kanuni ya jumla ni kukata maumbo kwenye mpaka wa skrini pamoja na ukingo mdogo kabla ya kuyachora, bila kuitegemea maktaba ikukatie.

Gurudumu la kipanya linaonekana dogo, lakini ndilo watumiaji huligusa zaidi. Gurudumu la kawaida hutuma namba 120 kwa kila hatua moja ya mzunguko, katika Qt kupitia angleDelta().y(). Padi ya kompyuta mpakato hutuma vipande vidogo vingi. Ukikuza ngazi moja kwa kila tukio, mwenye padi atatoka mtaani kwake hadi bara zima kwa kugusa mara moja. Jumlisha vipande mpaka vifike 120 ndipo ukuze. Na ramani ikue kuzunguka kishale: kituo kipya = kishale + (kituo − kishale) × (kipimo kipya ÷ kipimo cha zamani), kituo kikiwa katikati ya skrini na vipimo vikiwa mita kwa pikseli. Ukikosa hili, kila anayekuza atalazimika kuburuta tena kutafuta alichokuwa anakitazama.

Kubofya umbo pia kusiachiwe kiolesura. Weka kielezo cha R-tree, yaani faharasa ya kutafuta maumbo kwa mahali yalipo, ambacho faili la GeoPackage huweza kuwa nacho tayari na maktaba ya Shapely inakitoa kupitia STRtree, kisha utafute ndani ya pikseli 5 hadi 8 kuzunguka kishale, ukiwa umezigeuza kuwa mita.

Maktaba zenyewe

Kwa programu ya mezani ya ramani, Qt ndiyo jibu la kwanza mpaka upate sababu ya kuikataa. Ina paneli zinazohamishika kwa orodha ya matabaka, QUndoStack kwa kutendua, QPdfWriter kwa kutoa PDF, na QSerialPort kwa kusoma GPS iliyochomekwa. Koodineti zake za kuchora ni desimali za biti 64. Chagua Qt Widgets, si Qt Quick, isipokuwa skrini ya kugusa ndiyo lengo kuu. Jedwali la taarifa, menyu nyingi na njia za mkato za kibodi ni nyumbani kwa Widgets. Jedwali la taarifa lijengwe kwa QTableView na modeli yako mwenyewe inayosoma safu zinazoonekana tu. QTableWidget hutengeneza kitu kwa kila seli, na safu laki moja zitaizamisha. Usijenge msingi wako juu ya Qt Location. Sehemu hiyo haikuwepo kuanzia Qt 6.0 hadi 6.4 na ikarudi 6.5, na waliokuwa wameitegemea walibaki njiani muda wote huo.

Kwenye Python kuna milango miwili kwenda Qt. PyQt6 ya Riverbank Computing ni GPL au leseni ya kulipia. PySide6, inayotolewa na mradi wa Qt wenyewe, ni LGPL, yenye masharti mepesi kuliko GPL. Msimbo unafanana sana, kwa hiyo kama hulazimiki kuingia ndani ya QGIS, anza na PySide6.

wxWidgets, iliyoanza mwaka 1992, inatumia vitufe halisi vya mfumo wa uendeshaji, hivyo programu inaonekana mwenyeji kwenye Windows na Mac. GRASS inaitumia kupitia wxPython, na OpenCPN, ramani ya mabaharia, imejengwa juu yake kwa C++. Leseni yake ni rahisi kuliko ya Qt na GTK: inaruhusu kuunganisha maktaba ndani ya faili lako bila kufungua msimbo. Ubaya unatoka mahali pale pale palipo na uzuri. Kwa kuwa kila mfumo una vitufe vyake, tabia hutofautiana, na kilichofanya kazi Linux kinaweza kupepesa kwenye Windows. Weka SetDoubleBuffered au wx.BufferedPaintDC kwenye uwanja wa ramani tangu mwanzo, na ujaribu mifumo yote kila wiki, usingoje mwisho.

GTK ichague kama watumiaji wako wako Linux. GNOME Maps inatumia libshumate juu ya GTK 4, na ni safi. Kuifungasha kwa Windows kunapitia MSYS2 na kunachosha.

Java Swing inadharauliwa kwa umri wake, na si haki. JOSM, kihariri cha OpenStreetMap kilichoanza mwaka 2005, ni Swing mpaka leo. Kinabeba maelfu ya maumbo na kinasambazwa kama faili moja la jar linalokwenda Windows, Linux na Mac. Kwa ofisi yenye mchanganyiko wa mashine, hilo ni jambo kubwa. GeoTools inakupa mifumo ya koodineti na usomaji wa data, na jpackage inafungasha Java ndani ili mtumiaji asisakinishe kitu kingine. JavaFX inapendeza zaidi lakini ilitolewa ndani ya JDK tangu toleo la 11, kwa hiyo lazima uibebe mwenyewe.

Tkinter inatosha kwa dirisha la kuchagua faili na kitufe cha "Geuza". Kwa uwanja wa ramani, hapana.

Wengi siku hizi hufikiria kivinjari. Ni chaguo la heshima kama ramani ni ya kutazama na uhariri ni mwepesi. Leaflet ni nyepesi na haihitaji kadi ya grafiki. Weka preferCanvas: true ukiwa na maelfu ya nukta, la sivyo kila nukta inakuwa kipande cha SVG na ukurasa unalemaa. MapLibre, iliyozaliwa baada ya Mapbox kubadili leseni Desemba 2020, inachora vigae vya vekta (vipande vya ramani vinavyobeba maumbo badala ya picha) kwa ulaini mkubwa lakini inadai WebGL, yaani kivinjari kinachotumia kadi ya grafiki. OpenLayers ndiyo ya wapima ardhi: ikiunganishwa na proj4js inaonyesha ramani katika Arc 1960, mfumo ambao hati nyingi za upimaji za Kenya na Tanzania zimeandikwa, bila kulazimisha kila kitu kiwe Mercator.

Ukitaka ukurasa huo uwe programu ya mezani, Electron inabeba Chromium nzima ndani yake, kwa hiyo ni nzito lakini unajua mtumiaji ana nini. Tauri ni nyepesi kwa sababu inaazima kivinjari cha mfumo: WebView2 kwenye Windows, WebKitGTK kwenye Linux. Kwenye mashine za zamani hicho cha kuazima kinaweza kukosekana au kuwa kikuukuu, kwa hiyo kikague kabla hujaahidi.

Leseni na mashine zilizopo

GDAL, ya kusoma data za ramani, na PROJ, ya kubadilisha koodineti, zina leseni huru ya aina ya MIT na hazikubani. Qt na GTK ni LGPL: unaweza kuuza programu iliyofungwa mradi maktaba ibaki faili la pembeni ambalo mtumiaji anaweza kulibadilisha. Ukigusa maktaba za QGIS, au PyQt isiyolipiwa, programu unayoisambaza lazima iwe GPL, yaani unayempa umpe na msimbo wake. Kama itabaki ndani ya ofisi yako bila kusambazwa nje, sharti hilo la kutoa msimbo haliamki. Amua haya kabla ya mkataba kusainiwa, maana mteja akishaandikiwa kuwa msimbo ni siri yake, kubadili maktaba ni kuanza upya.

Kisha nenda ukaziangalie kompyuta zitakazotumika, kwa macho yako. Qt 6 kwenye Windows inataka toleo la 10 au zaidi. Kama ofisi ina Windows 7 au mfumo wa biti 32, mwisho wako ni Qt 5.15, au wxWidgets 3.2, au Swing. Qt Quick na MapLibre zinategemea dreva nzuri ya grafiki. Kwenye mashine inayotumiwa kwa mbali kupitia mtandao zinaweza kuonyesha dirisha jeusi. Kwa Qt Quick jaribu kuweka QT_QUICK_BACKEND=software. Qt Widgets inayochora kwenye QImage haina shida hiyo.

Lugha na namba

Qt inatafsiriwa kwa mafaili ya .ts, yanayokusanywa na lupdate na kukamilishwa na lrelease. wx na GTK zinatumia .po za gettext. Zote zinaweza Kiswahili. Ila usiunde sentensi kwa kubandika vipande. Msimbo unaoandika jina la tabaka, kisha namba, kisha "vimechaguliwa" utatoa "viwanja 3 vimechaguliwa" sawasawa, halafu utatoa "nyumba 3 vimechaguliwa" na "mito 3 vimechaguliwa". Ama andika ujumbe mzima kwa kila tabaka, ama kwepa upatanisho: "Idadi iliyochaguliwa: 3".

Kuna hitilafu nyingine inayotokana na lugha, na hiyo inaharibu data. Kompyuta iliyopangwa Kifaransa, kama utakavyozikuta Kongo na Burundi, huandika desimali kwa mkato. Qt kwenye Linux, pamoja na GTK na wx, huweka mpangilio huo kwa programu nzima, na kuanzia hapo kazi za C kama atof zikisoma "6.81" zinasimama kwenye nukta na kurudisha 6. Koodineti zinapoteza desimali zote kimyakimya. Mara tu baada ya kuanzisha programu, ita setlocale(LC_NUMERIC, "C"), na umbo la namba kwa ajili ya macho ya mtumiaji uliachie QLocale au kifaa kama hicho.

Jaribio kabla ya kuamua

Chagua maktaba mbili, usizidi. Kwa kila moja andika dirisha dogo lenye uwanja wa ramani, orodha ya matabaka mawili na jedwali la taarifa. Pakua data ya OpenStreetMap ya Tanzania kutoka Geofabrik na ukate nyumba za Dar es Salaam, ambazo nyingi zilichorwa kupitia Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ya jiji hilo, kuanzia 2015. Ongeza picha moja kubwa ya droni. Ukijaribu kwa mafaili madogo ya mafunzo, kila maktaba itaonekana nzuri.

Picha ya droni iandae kwanza, la sivyo utailaumu maktaba bure. Amri ya gdal_translate -of COG inaipa nakala ndogo ndogo za ndani, ili programu ikitazama mji mzima isisome kila pikseli. Isome kwa GDAL, kipande kinachoonekana tu. Usiikabidhi QImageReader, ambayo katika Qt 6 ina kikomo cha kumbukumbu na itaikataa picha ya ukubwa huo.

Sasa buruta mfululizo kwa dakika moja huku ukitazama kama kishale kinatangulia ramani. Vuta karibu na nyuma haraka na uone kama kazi za zamani zinafutwa kweli. Bofya nyumba katika mtaa uliosongamana. Sogeza kona, tendua, rudia. Panga jedwali kwa jina. Badilisha ukuzaji wa skrini uwe asilimia 150 na uone kama maandishi ya ramani yana ukungu. Kama yana, picha yako lazima itengenezwe kwa ukubwa wa dirisha mara kipimo cha skrini, katika Qt kupitia devicePixelRatio. Iache programu ikijiburuta yenyewe kwa nusu saa na uangalie kumbukumbu: ikipanda bila kushuka, kuna picha za zamani zisizoachiliwa.

Ukitumia vigae vya OpenStreetMap kama usuli, taja jina la programu yako kwenye User-Agent, onyesha chanzo kwenye ramani, na usipakue eneo zima kwa mkupuo. Seva zile zinaendeshwa kwa michango na zinazuia wanaovunja masharti. Zima mtandao katikati ya jaribio. Programu iendelee kuburutika, ikionyesha ilichokuwa nacho.

Kama nyumba za Dar zimetokea Hispania, karibu na Cáceres, usiiguse maktaba. Latitudo na longitudo zimepishana. PROJ tangu toleo la 6 inafuata mpangilio rasmi wa EPSG:4326, latitudo kwanza, na kwenye pyproj, ambayo ni PROJ ya Python, dawa ni always_xy=True.

Kuchapa na kufungasha

Ramani ya ukutani ya A0 ni milimita 841 × 1189. Kwa nukta 300 kwa inchi hizo ni pikseli 9933 × 14043, sawa na megabaiti 558 kwa picha moja, na kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itasita au kuanguka. Chora vekta moja kwa moja kwenye PDF, na picha za droni ziingie kwa vipande. Qt hapa inarahisisha kazi, kwani QPainter ile ile inachora skrini na QPdfWriter. Kumbuka tu kwamba unene wa mstari uwe katika milimita. Mpaka wa pikseli 1 unaoonekana vizuri kwenye skrini utakuwa unywele usioonekana kwenye karatasi.

Kufungasha kujaribiwe wiki ya kwanza, kwenye Windows safi isiyo na zana zozote za mwandishi wa programu. Mambo mawili yatakukwamisha. La kwanza ni programu kulalamika kwamba haioni kiunganishi cha jukwaa cha Qt. Windeployqt inanakili qwindows.dll kwenye folda yake, platforms, na bila folda hiyo dirisha halifunguki. La pili ni proj.db, hifadhidata ya mifumo ya koodineti ya PROJ. PyInstaller, zana ya kufungasha programu za Python, isipoichukua, kila ubadilishaji wa koodineti unashindikana ingawa dirisha linafunguka vizuri. Ibebe pamoja na folda ya data ya GDAL, kisha ndani ya msimbo, kabla ya kuingiza maktaba yoyote ya jiografia, weka PROJ_DATA, PROJ_LIB na GDAL_DATA zielekee kwenye folda yako. Weka zote mbili za PROJ, kwa sababu jina PROJ_DATA lilikuja na toleo la 9.1 na matoleo ya kabla yake yanasoma PROJ_LIB.

Fanya hivyo hata kama kwenye mashine yako kila kitu kiko sawa. Kisakinishi cha PostGIS cha Windows huweza kuandika PROJ_LIB kwenye mfumo mzima, na programu yako ikifika kwenye kompyuta ya namna hiyo itafungua proj.db ya toleo jingine. Ukiona kosa linalotaja DATABASE.LAYOUT.VERSION.MINOR, ndicho kilichotokea.